Jumatano Niliyosema Nilikuwa Chuoni

Niliisikia mvua kabla sijaiona, na ilikuwa ikinyesha katika chumba kimoja tu. Ulikuwa msimu wa joto. Mabati ya nyumba yetu ya Mtopanga yalikuwa yakialika kwa jua, na uani nguo zilikauka kabla Bibi hajamaliza kuanika kamba ya pili. Nimesimama ukumbini, mtandio kichwani, juzuu kwapani, nimeagizwa niende chuoni kwa maalim kusoma Kurani kama watoto wenzangu wote, na nyuma ya mlango wa mpangaji mvua inamwagika. Kisha nikasikia viatu. Mtu anatembea taratibu juu ya maji, anasimama, anawasha kibiriti. Halafu kimya, na ndani ya kimya kile viatu vingine, vyembamba zaidi, vya kike, vinakuja mbio.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Niliusukuma kwa kidole kimoja.

"Kuja ndani," sauti ikasema, "ama urudi nje. Hapo katikati ndipo sitaki."

Niliingia. Dirisha lilifunikwa blanketi la kijivu, na katikati ya usiku ule wa kutengenezwa palikuwa na runinga ndogo, na ndani ya runinga barabara nyeusi iking'aa kama samaki aliyetoka kuparwa magamba. Hapakuwa na rangi yoyote. Mwanamume mwenye kofia alisimama chini ya taa, nusu ya uso wake ikionekana, nusu nyingine imemezwa. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa chini sakafuni na sikwenda chuoni siku ile.

Mwenye chumba alikuwa Anti Mwikali, Mkamba wa makamo, dobi katika hoteli moja ya ufuoni upande wa Bamburi. Zamu yake ilikuwa ya usiku. Alirudi alfajiri, akalala hadi adhuhuri, na alasiri, Bibi akiwa usingizini au kwa majirani, alitundika blanketi lake na kutazama filamu. Alinukia sabuni na wanga wa kupigia pasi, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimepauka kwa dawa ya kung'arishia mashuka. Bibi, aliyenilea na aliyekuwa mwenye nyumba, alimpenda kwa namna yake, yaani kwa kumsahihisha.

"Hasemi mtu 'kuja hapa', Mwikali. Husema 'ndoo'."

"Sawa, Bi Zuhura. Siku ukija kwetu Machakos nitakusahihisha mpaka vile unakaa."

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Jioni, kabla Mwikali hajaenda kazini, walikuwa wakichambua mchicha pamoja uani, mmoja akisimulia watu wa Mji wa Kale, mwingine akisimulia mashuka ya wageni na yanayopatikana ndani yake, na mimi nikifukuzwa kila hadithi ilipokaribia kunoga.

Babake Mwikali alikuwa ameendesha mtambo wa kuonyeshea filamu katika jumba moja la sinema mjini, kabla jumba lile halijageuzwa ghala. Akiwa mtoto alikaa miguuni pa babake, chini ya mtambo, akisikiliza filamu asizoziona. Alipokuwa mtu mzima akaanza kuzitafuta, diski moja moja, katika meza za wauzaji wa barabarani, na zote alizozitafuta zilikuwa za mwelekezi mmoja. Jina lake leo analijua hata asiyeingia kwenye sinema. Lakini Mwikali hakutaka zile filamu kubwa zilizompa sifa. Alitaka za mwanzo, za majambazi na wapelelezi, nyeusi na nyeupe, fupi, zenye vumbi.

"Sasa hivi ni mkubwa, filamu zake zina majeshi," aliniambia. "Lakini hapa alikuwa kijana. Taa hazimtoshi. Sasa angefanya nini? Akaliacha giza lifanye kazi."

Niliyarudia maneno yale kitandani kama watoto wengine wanavyorudia sura walizohifadhi. Sijawahi kufundishwa jambo lenye manufaa zaidi kwa kazi ninayoifanya leo.

Watu wa filamu zile walizungumza Kiingereza cha haraka, cha puani, ambacho sikukifuata. Mwikali alinitafsiria kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha bara, na ndiyo maana majambazi wote wa utoto wangu husema kama watu wa Machakos. "Anamwambia, wewe ukileta mchezo utalala mtoni." Nilipenda kivuli kilivyofika ukutani kabla ya mtu. Nilipenda mkono unaopanda ngazi peke yake, mwili haujaonekana. Nilipenda mwanamke aliyevua glavu moja, akaiacha nyingine, na tangu hapo tukajua kwamba anadanganya. Nilitoka mle nimelewa. Nilitazama viatu vya majirani. Nilimfuata muuza maji hadi kona, nikamwuliza Alhamisi alikuwa wapi, akaniambia, "Nilikuwa kwa mamako nikila pilau, niondokee," wenzake wakacheka, nami nikaandika jibu lile nyuma ya daftari la hesabu.

Na wakati wote huo nilijua kuwa nimekosa. Mwikali aliniuliza mara moja kama chuo kilitoka mapema hivyo, nikamwambia maalim ni mgonjwa. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, nikasema bado. "Anaumwa sana huyo," akasema. "Sana," nikasema. Akanitazama kidogo, kisha akaigeukia runinga. Ladha ya filamu zile ilichanganyika na hofu ya bakora ya Bibi, na mpaka leo siwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Nikifurahi sana, najihisi mwenye hatia. Nikijihisi mwenye hatia, kipo kipembe kidogo cha moyo kinachofurahi.

Jumatano yenyewe ilianza na msiba. Mtu wa ukoo alifariki mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, na asubuhi shangazi yangu Rukia alikuja kutoka kwake Kiembeni ili aende matangani na Bibi. Bibi alipokuwa akioga, Shangazi alingoja chumbani mwa Bibi. Baada ya adhuhuri wakaondoka wote wawili kwa mabuibui yao, nami nikaondoka nyuma yao na juzuu yangu, nikauzunguka ukuta wa jirani, nikarudi kwa mlango wa uani. Nyumba nzima ilibaki na watu wawili, mimi na Mwikali.

Filamu ya siku ile ilihusu mwendesha lifti, mwanamke mwembamba anayekaa kwenye kiti ndani ya kijisanduku cha chuma, kutwa akiwapandisha watu na kuwateremsha. Tajiri mmoja anauawa ghorofa ya juu. Polisi wanamkamata karani wake. Mwendesha lifti peke yake ndiye anayejua kwamba karani aliteremka kabla risasi haijalia, kwa kuwa alimteremsha yeye mwenyewe. Lakini akisema hivyo ataulizwa ni nani aliyempandisha muuaji, na itajulikana kuwa baadaye aliiacha lifti bila ruhusa, na atafukuzwa kazi. Basi ananyamaza. Ananyamaza filamu nzima, na mwelekezi anamwonyesha nyuma ya vyuma vya mlango wa lifti mpaka unashindwa kujua ni nani aliye kifungoni. Mwishoni anatoka mbio kwenye mvua. Anapanda ngazi za mahakama. Na hapo, mguu mmoja hewani, diski ikakwama.

Mwikali aliitoa, akaipeleka kwenye mfereji wa uani, akafungulia maji, akaiosha kwa sabuni kama sahani ya mtoto mchanga. Diski zake zote alizitunza kwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi ngumu. Mimi nilibaki kwenye kizingiti cha chumba chake. Nikamwona akirudi ukumbini, jua la uani likiwa nyuma yake, mwili wote umekuwa kivuli, uso haumo, na mikononi kitu kimoja tu kinachoonekana, kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uangalifu. Alipita mbele ya mlango wa Bibi bila kugeuza kichwa. Nilimwona kama ambavyo mwelekezi yule angemwona. Moyo ulinidunda kwa uzuri wa picha ile.

Diski haikupona. Nilimng'ang'ania Mwikali aniambie mwisho.

"Alisema?"

"Alisema. Aliingia kotini analowa, akasema ukweli wote, jamaa akafunguliwa pingu."

"Hakuchelewa?"

"Shahidi wa filamu huwa hachelewi," akasema, akiifunga diski upya. "Kama angechelewa ingekuwa filamu gani?"

Nilimwamini. Naomba msomaji alishike hilo, ingawa halinitakasi.

Ijumaa Bibi alifungua kasha lake ili afukize nguo kwa udi, akakuta kekee yake haimo. Ilikuwa bangili pana ya dhahabu, ya mama yake, ya kale kiasi kwamba nakshi zake zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika. Bibi hakupiga kelele. Alitoa kila kitu kilichokuwemo kashani, akakikunja tena, akakirudisha. Alimpigia simu Shangazi Rukia. Nilisikia sauti ya Shangazi ikikatika, kisha ikisema, "Tafuta vizuri, mama. Huenda umeiweka kwingine."

"Mimi siweki kwingine," Bibi akajibu.

Usiku wa Jumanne ilikuwamo, alikuwa na hakika, maana aliishika. Tangu hapo hakuiacha nyumba ila Jumatano, kwa ajili ya matanga. Alikaa juu ya mkeka, akafikiri, kisha akaniita.

"Muna."

"Abee, Bibi."

"Ndoo, kaa hapa. Jumatano ulirudi chuoni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Bibi."

Ule ndio uongo wa kwanza, na ulinitoka mwepesi, kwa mazoea. Kama ningekomea hapo ningekuwa mtoto aliyetoroka chuo tu.

"Ulimwona mtu yeyote humu ndani?"

Sijui kama naweza kueleza kilichonipata. Bibi alikuwa akinitazama usoni kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake. Hakuna aliyewahi kuningoja niseme kwa namna ile. Na mimi nilikuwa na picha. Tangu Jumatano nilikuwa nayo, nzuri, kamili, bila mtu wa kumwonyesha.

"Nilimwona Anti Mwikali ukumbini," nikasema. "Alikuwa atoka upande wa uani. Alipita mbele ya mlango wako. Mkononi alikuwa na kitu amekifunga kwa kitambaa cheupe."

"Kitu gani?"

Nikanyamaza kidogo. Nilijua pa kunyamaza, filamu zilikuwa zimenifundisha.

"Sikukiona, Bibi. Alikifunga vizuri sana."

Ilikuwa hadithi yangu ya kwanza kumfikia msikilizaji. Niliona inavyoingia. Niliona uso wa Bibi ukibadilika kwa sababu ya maneno niliyoyapanga mimi, na namwomba Mungu anisamehe, nilifurahi.

Watu wa kwetu hawamwambii mpangaji kuwa ni mwizi. Jumamosi jioni Bibi alimngoja Mwikali uani, hakumtengea mchicha, akamwambia kwa adabu zote, "Mwikali mwanangu, chumba nakihitaji. N'na wageni waja."

Mwikali alisimama na sabuni mkononi. Habari za kekee iliyopotea Jumatano zilikwisha kuenea. Tangu asubuhi majirani walikuwa wakinyamaza alipopita, na mmoja alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika, "Watu wa bara na dhahabu za watu, wapi na wapi."

"Wageni gani, Bi Zuhura?"

"Wageni."

"Unaniita mwizi?"

"Sijalisema neno hilo. Nimesema n'na wageni."

"Jumatano sikutoka chumbani. Nilienda mferejini, nikarudi." Akageuka, akaniona nimesimama kando ya jiko. Uso wake ulifunguka kwa faraja, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo. "Muulize huyu. Jumatano tulikuwa na yeye. Tulitazama filamu mpaka diski ikakwama."

Bibi alinigeukia polepole. "Kweli?"

Nilimtazama Bibi, nikaiona bakora, nikamwona maalim, nikaziona alasiri zote nilizoiba. Na nyuma ya hayo palikuwa na wazo jingine, ambalo mtu mzima hawezi kulielewa asipojikumbuka: kwamba bado haujafika wakati wangu. Shahidi hasemi katikati ya filamu. Akisema katikati, filamu inaharibika. Atasema mwishoni, mvua ikinyesha, na hatachelewa.

"Mimi nilikuwa chuoni, Bibi."

Mwikali alinitazama. Sikuona hasira. Niliona akinisoma, kama alivyozisoma nyuso za kwenye runinga, mpaka akajua anachokijua.

"Sawa," akasema. "Labda nimechanganya siku."

Angeweza kunivua nguo pale pale. Angeweza kumwambia Bibi habari za maalim mgonjwa, akamweleza filamu zote nilizoziona, akaniuliza majina ya watu waliomo. Hakufanya hivyo. Mwanamke aliyekuwa akipoteza nyumba yake na jina lake aliniokoa na fimbo tatu za mkono.

Siku zilizofuata nilingoja. Nilikuwa na hakika kwamba mahali fulani mtu ameanza kuchunguza. Siku moja alibisha hodi mwanamume mwenye kofia, na mkobawe, na kijitabu, akauliza chumba cha upande wa kushoto anakaa nani. Nikajiambia, amefika, sasa nitasema. Akaangaza tochi ukutani, akasoma mita ya stima, akaandika, akaenda zake.

Kekee ilirudi yenyewe. Siku ya nane baada ya harusi moja ya Kiembeni, Shangazi Rukia aliingia na macho mekundu, akaitoa kifuani. Kwetu bibi harusi hupambwa kwa dhahabu ya ukoo mzima. Kila nyumba hutoa yake, naye hukaa nayo mpaka fungate iishe, na hakuna anayemnyima. Lakini bibi harusi yule alitoka nyumba ambayo Bibi hakuwa akisemezana nayo, kwa ugomvi wa miaka. Shangazi aliona aibu mjukuu wa ukoo atolewe mbele za watu mikono mitupu upande wetu, akaichukua kekee Jumatano ile Bibi akioga, akikusudia kuirudisha kabla haijaulizwa. Kisha ikaulizwa, akaogopa.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Aliivaa kekee, akaivua. Halafu akainuka, akapika mkate wa sinia, na mimi nikamshikia sinia hadi mlangoni kwa Mwikali.

"Wale wageni hawaji tena," Bibi akasema.

Ndivyo anavyoomba radhi mtu kama yeye. Mwikali alilielewa. Alikata kipande, akakila kwa heshima mbele yetu, akashukuru. Kisha akasema keshapata chumba Changamwe, na ameshampa mwenye chumba neno lake. Bibi akamwambia neno hubadilishwa. Mwikali akasema lake halibadiliki, lakini alilisema kwa upole.

Bibi aliamini kuwa aliyemkosea Mwikali ni yeye na bintiye. Aliomboleza jambo lile miaka mingi, akawa anamwombea kila Ijumaa kwa jina, na alizikwa akiamini kwamba Jumatano ile mjukuu wake alikuwa chuoni. Nilipewa miaka kumi na tano ya kumwambia. Nilimlisha uji katika ugonjwa wake wa mwisho, midomo yangu ikiwa karibu na sikio lake, na sikumwambia.

Mwaka huu, katika baraza letu la waandishi, rafiki mmoja alileta filamu za mwanzo za mwelekezi yule. Wenzangu walishangaa ninavyozijua. Wengine hunisifu kwa jicho langu, kwa namna ninavyowaingiza watu wangu kurasani wakiwa vivuli kwanza, nami huinama na kupokea sifa. Usiku ule niliiona ile ya mwendesha lifti hadi mwisho wake. Anaingia kotini amelowa. Anakaa benchi la nyuma. Hakuna anayemwita, naye hainuki. Karani anapitishwa mbele yake na pingu, anamtazama, anapita. Yeye anabaki amekaa, maji yakimdondoka kutoka kwenye kofia hadi sakafuni. Basi. Mwikali alikuwa ameiona filamu ile mara nyingi kabla yangu. Alinitungia mwisho mwingine kwa kuwa nilikuwa mtoto na nilimuuliza kwa hofu. Wenzangu walipiga makofi. Nilikwenda bafuni, nikafungua maji ili wasinisikie.

Mwikali aliondoka Jumapili, saa za mchana. Mwenye mkokoteni alikwisha kupakia runinga, godoro na kisanduku cha bati cha diski zake. Bibi alisimama ukumbini na kumpa vitumbua vya njiani, wakaagana kwa kushikana mikono muda mrefu bila kutazamana.

Viatu vyake vilikuwa kizingitini, vile vya kufunga kwa kamba. Mimi nilikuwa nimekaa karibu navyo. Alisimama kwa mguu mmoja ili avae, akakosa pa kujishikiza, akaweka mkono wake begani kwangu. Ulikuwa mkono mzito kuliko nilivyodhani. Alifunga kamba ya kulia taratibu. Kekee ilikwisha kurudi, hakuna aliyekuwa akimtuhumu tena, na kilichobaki kusemwa kisingenigharimu ila fimbo. Nilikuwa nayo sentensi kinywani, maneno matatu tu. Alikuwa nami, Bibi. Akahamia mguu wa kushoto, mkono wake ungali begani, na nadhani alichelewesha ile kamba ya pili. Nadhani alinipa nafasi. Alipomaliza aliuondoa mkono, akajinyoosha, akasema, "Kaeni salama," akatoka.

Mkokoteni uliondoka, vumbi likanyanyuka.

"Funga mlango, mwanangu," Bibi akasema nyuma yangu. "Vumbi laingia."

Nikaufunga.